Daktari Niliyemfundisha Kusoma

2 Februari

Mwanangu,

Barua yako nimeipata Jumamosi. Ilikuwa imekunjwakunjwa utadhani ilifungiwa karanga, ila maneno yote yalisomeka. Nimefurahi kusikia mko wazima watatu nyote, na kwamba mjukuu wangu ameng'oka jino la pili la mbele. Mwambie kuanzia leo bibi yake anamwita Kibogoyo, na akikasirika anijibu kwa maandishi. Mkwe wangu msalimie sana.

Mimi nipo. Bomba la jikoni linavuja tena, fundi amekuja mara mbili na mara zote mbili amesahau spana. Wale kina mama wa jioni bado nawafundisha kusoma pale ukumbini. Juzi yule muuza mkaa aliandika jina lake mpaka herufi ya mwisho bila kuangalia ubaoni, halafu akalia. Nikamwambia kulia baadaye, kwanza liandike tena.

Umeuliza kwa nini sitaki simu. Masikio yangu unayajua. Ili nikusikie inabidi upige kelele, nami nitapiga kelele nikujibu, na ukuta wa jirani ni mwembamba, akipiga chafya mimi namwambia pole. Sitaki mambo yangu yatangazwe kama mnada. Niandikie.

Lile tumbo lisikutie wasiwasi. Tangu operesheni nakula na nalala vizuri. Kliniki nayo naenda kama walivyopanga. Yule daktari mama mtu mzima amestaafu, wameleta mwingine, na ukikisia ni nani nitakupa zawadi. Ni Kifutio! Rafiki yako aliyekuwa anatafuna vifutio vya darasa zima mpaka wazazi wakaja kushtaki. Mkono huu huu ndio ulioshika wake akaandika "a" yake ya kwanza. Leo ana koti jeupe na miwani, na watu wanapanga foleni kumwona. Nilijivunia mpaka nikasahau kilichonipeleka, nikarudi nyumbani.

Mama yako

20 Februari

Mama, shikamoo.

Kibogoyo amelipokea jina lake kwa vita. Amesema atakujibu akishajua kuandika neno "bibi", na mpaka sasa anaandika "bi" tu, anasema inatosha. Mama yake anakusalimu, anasema ushauri wako wa kupima unga kwa mkono na si kikombe umemharibia mikate miwili.

Kazini kama kawaida. Wiki hii lifti ya jengo la mawakili ilikwama katikati ya ghorofa mbili, na ndani alikuwemo mzee mmoja mnene aliyekuwa anatishia kutushtaki kupitia kitundu cha mlango. Tulipomtoa akanikumbatia. Koti langu la kazi lina mafuta, suti yake imekwisha.

Habari ya Kifutio imenichekesha mpaka msimamizi akaniuliza kama niko sawa. Daktari! Yule alikuwa hata kunoa penseli hajui.

Ila mama, kuna mahali sikuelewa vizuri. Ulirudi nyumbani baada ya kumwona, au ulirudi bila kumwona? Si lazima ujibu. Mradi tumbo halikusumbui.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kuchelewa kwangu usiilaumu posta, ni mimi mwenyewe. Siku zinanipita.

Mwambie Kibogoyo "bi" haitoshi. Na mkwe wangu mwambie mkono wa kupimia unga ni wangu, si wake, yeye ana vidole vyembamba.

Ukumbini wameongezeka wanafunzi wawili, mmoja ni mpiga pasi, mwingine ni mama mkwe wake, na wamekaa madawati tofauti kwa sababu zao. Nimeomba niwekewe kiti cha mbao. Hivi vya kitambaa vinanichosha mgongo. Sketi zangu za rangi ya maziwa nimezigawa pia, umri huu nyeupe ya nini? Nimejishonea mbili nyeusi na moja ya kahawia.

Mguu wa kushoto unavimba kidogo. Kiatu kinakataa kuingia ikifika mchana. Na kiuno, upande huo huo, kinauma kama nimebeba gunia. Ni uzee, na kusimama ubaoni. Usianze kunihangaikia.

Kliniki nitakwenda mwezi ujao. Yule kijana ana wagonjwa wengi wenye shida kweli kweli, sioni sababu ya kumjazia foleni.

Mama yako

6 Aprili

Mama, shikamoo.

Sisi wazima. Kibogoyo ameongeza "bi" ya pili, ipo kwenye karatasi niliyokuwekea humu, hiyo nyingine ni picha ya paka ingawa haifanani.

Pole kwa mguu. Ukilala uuweke juu ya mto. Nimekutumia dawa ya kuchua kupitia dereva wa basi yule mwenye kofia, ipake jioni, ukichua kuelekea juu. Usisimame sana.

Kulikuwa na jambo lingine nilitaka kukuuliza, lakini nimeona si muhimu.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Barua yako fupi nimeisahihisha na kuipa nne kwa kumi. Mbili ni za Kibogoyo. Mtoto niliyemlea mwenyewe ananiandikia kama anayepeleka taarifa polisi!

Dawa ya kuchua inanuka mpaka paka wa jirani amehama. Mguu uko vile vile. Nimekonda kidogo, na kina mama wa ukumbini wananisifu, eti nimerudi usichanani. Nimewashukuru.

Sasa nikueleze kilichoniudhi. Jumanne, katikati ya somo, nani anaingia ukumbini? Kifutio. Kavaa shati la kawaida, amesimama mlangoni mikono nyuma. Darasa zima likageuka. Nikamwuliza anataka nini. Akanikaribia akaninong'oneza, "Mwalimu, tarehe yako imepita." Nikamwambia kwa sauti, "Nitakuja, kaa chini." Na akakaa! Daktari mzima, kwenye benchi, kati ya mpiga pasi na muuza mkaa, mpaka somo likaisha. Kisha akaaga akaondoka bila kusema zaidi.

Jioni yote nilisugua masufuria kwa hasira. Mtoto niliyemfungia kamba za viatu, niliyempangusa kamasi kwa leso yangu, leo aniambie nipande kitandani nifanye hivi na vile? Kuna mambo mwanamke anaweza kumvumilia mgeni asiyemjua. Mgeni unamwacha hukohuko hospitali. Huyu nitakutana naye sokoni. Wewe huelewi nasema nini, na ni heri usielewe.

Nimekuandikia haya kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia. Usiyajibu.

Mama yako

5 Juni

Mama, shikamoo.

Leo sina habari za nyumbani. Wote wazima, hiyo inatosha.

Umesema sielewi. Mimi naelewa, mama. Nimeelewa tangu siku ile. Uliniambia unakwenda kutolewa uvimbe tumboni, nami nikakubebea mkoba mpaka mlangoni pa wodi, na juu ya mlango palikuwa na maandishi makubwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Nilisoma. Nilijua ni saratani ya kizazi, na nilijua wamekitoa. Ulipozinduka ukasema "tumbo langu linauma," nikasema "pole kwa tumbo." Tumeenda na tumbo mpaka leo.

Hilo si baya sana. Baya ni hili linalofuata, na ninaliandika haraka nisije nikaghairi.

Siku ya kukutoa wodini, wewe ukiwa unavaa, muuguzi alinivuta pembeni kwenye korido. Akasema, "Mama yako hatakuambia, kwa hiyo nakuambia wewe." Akasema ugonjwa huu ukirudi mara nyingi hurudi miaka ya mwanzo, ndiyo maana wanataka wakuone kila baada ya miezi kadhaa hata ukiwa mzima kabisa. Na akasema tusingoje tarehe tukiona dalili. Damu, hata tone, hata kama imefifia kama maji ya kuoshea nyama, kwa sababu mtu asiye na kizazi hana damu ya kutoka. Maumivu ya nyonga au mgongo yasiyoondoka. Mguu mmoja kuvimba. Kukonda bila sababu. Kikohozi kisichoisha, kukosa pumzi. Akasema mengine yanaweza kuwa ni kitu kingine kabisa, lakini daktari ndiye aseme, si mimi wala wewe.

Uliponiandikia mguu umevimba, na kiuno upande huo huo, nilikuwa nimekaa kwenye kreti juu ya paa la jengo, pale kwenye mashine ya lifti. Nilijua. Mama, nilijua palepale. Nikashika kalamu nikuulize, na swali likakataa kutoka. Nitamwulizaje mama yangu mambo ya mwilini mwake? Nikajitia hamnazo. Nikakuandikia habari za mto na dawa ya kuchua. Kwa kazi yangu, lifti ikianza kutoa mlio tunaizima hata kama tajiri wa jengo anatukana. Wewe nimekuacha na mlio miezi miwili kwa sababu niliona haya. Sina uso wa kukutazama.

Kwa hiyo nauliza sasa, na unisamehe, au usinisamehe lakini unijibu. Mama, unatokwa na damu?

Andika ndiyo au hapana. Usiandike kingine kama hutaki.

Mwanao

14 Juni

Mwanangu,

Ndiyo.

Nilitaka kuishia hapo, bahasha nikaifunga. Nimeifungua tena.

Ni tangu Januari. Mara ya kwanza yalikuwa matone tu, nikajiambia nimenyanyua ndoo nzito. Ya pili nikajiambia ni ukavu wa uzee. Siku niliyokwenda kliniki nilikwenda kwa ajili hiyo hasa, nimejikaza, sentensi nimeipanga kichwani tangu nyumbani, kama ninavyowafundisha wanafunzi. Mlango ukafunguliwa, nikaona Kifutio. Sentensi ikapotea. Nikamwambia nimekuja kukupongeza, nikatoka. Sketi nyeusi unajua sasa ni za nini. Na kiti cha mbao, kwa sababu kinapanguswa.

Umeniambia lako, nami nina langu. Pale ukumbini kuna bango la hospitali ukutani. Nililitumia kama zoezi la kusoma, maana maandishi yake ni makubwa. Mwezi wa nne nilimsimamisha muuza mkaa alisome. Akaanza na kidole chake, "Da-mu. Ba-a-da ya. Ku-ko-ma. He-dhi." Akapumzika. "Si. Ka-wa-i-da. Ne-nda. Ho-spi-ta-li." Darasa likampigia makofi. Mimi nimesimama mbele yao, nimevaa sketi yangu nyeusi, na ndani nimejikunjia kitambaa. Nikamwambia, vizuri sana, rudia. Akarudia.

Baada ya somo akanifuata akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli haya, au ni ya kusomea tu?" Nikamwambia ni kweli kabisa, ukiona hivyo usikae nyumbani hata siku moja. Nimefundisha maisha yangu yote, na sijawahi kujichukia kama jioni ile.

Usijipige sana. Uliogopa kuuliza kwa sababu mimi ndiye niliyekulea hivyo, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Lakini sitakudanganya kwamba haikuniuma kusoma kwamba ulijua. Iliniuma. Nililia, kisha nikasahihisha kosa moja kwenye ukurasa wa pili, kisha nikalia tena.

Jumatatu nitakwenda. Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshakwenda au nimeshindwa mlangoni.

Mama yako

2 Julai

Mwanangu,

Nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi la nje, nikawapisha watu watatu walionikuta pale. Wa nne alikataa kupishwa, akasema, "Mama, zamu yako, ingia." Nilidhani lazima kwanza aibu iishe ndipo niinuke. Haikuisha, mwanangu. Nikaingia nayo.

Kifutio alisimama kama walivyokuwa wanasimama darasani. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa nisingesema, "Ninatokwa na damu ukeni tangu Januari, na mguu wangu umevimba." Ndiyo mara yangu ya kwanza kulitamka neno lile mbele ya mwanamume, na aliyelisikia ni mtoto niliyemfundisha kusema "kiti" na "meza".

Hakusema "mbona umechelewa." Nilikuwa nalingoja, na nilikuwa na jibu kali. Alimwita muuguzi, mwanamke wa rika langu, huyo akanipa shuka, Kifutio akageukia ukutani mpaka nilipokuwa tayari. Kila alichotaka kufanya alikisema kwanza. Nikamwambia asinitazame usoni. Akasema sawa mwalimu. Nilihesabu vigae vya dari, nikatamani dari lianguke. Liligoma.

Akachukua kipande kidogo cha nyama kupeleka maabara, akaagiza picha. Alipovua glovu niliona shati limemlowa mgongoni. Akaniambia, macho yake mezani, "Niliona siku ile kwamba umeondoka bila kupimwa. Nikaona haya kukufuata. Ndiyo maana nilikuja ukumbini nimechelewa hivyo." Yule muuguzi, katikati ya mwalimu na mwanafunzi wake, akatuambia nyote wawili mnanishangaza.

Majibu yametoka jana. Imerudi. Ipo ndani ukeni, pale juu waliposhona, na kwenye tezi moja karibu na nyonga, hiyo ndiyo inayobana mguu. Mapafu ni safi, ini ni safi. Nitapigwa mionzi, kwa kuwa mara ya kwanza sikupigwa, na dawa ya mshipani pamoja nayo. Nikamwuliza kama ningekuja Januari ingekuwa bado haijafika kwenye tezi. Akasema, "Labda, mwalimu. Sijui." Nikamshukuru kwa kutonidanganya. Nikamwuliza kama nitapona. Akasema hawezi kuahidi, ila kuna cha kufanya, na tunaanza wiki ijayo.

Darasa nimelifunga kwa muda. Niliwaambia kwa nini. Nililitaja kwa jina lake, nikaandika ubaoni, wakalisoma. Muuza mkaa amesema atakuwa ananisindikiza, na amekataa kukatazwa.

Mkwe wangu na Kibogoyo wasalimie. Waambie ukweli, ila Kibogoyo mwambie pole pole.

Mama yako

9 Julai

Mama, shikamoo.

Barua yako niliisoma mlangoni, nimesimama, mkoba wa spana bado begani. Mke wangu aliniuliza nini, nikampa asome. Alikaa chini. Kibogoyo tumemwambia bibi ni mgonjwa na anatibiwa. Akauliza wapi panauma. Tulitazamana, kisha mama yake akamwambia, bila kuzunguka. Mtoto akasema "aaa" akaendelea na uji.

Leo asubuhi nilikwenda kwa msimamizi kuomba ruhusa. Unamjua kwa barua zangu, yule anayetufokea hata tukipiga mluzi. Akauliza mama anaumwa nini. "Tumbo" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikasema, "Ana saratani ya kizazi. Ilitibiwa, sasa imerudi." Mafundi wote walikuwepo, nikasikia uso unawaka moto. Msimamizi akaweka chini bisibisi aliyoshika. Akasema, "Wangu alikufa nayo. Tulikuwa watoto sita wa kiume nyumbani, na hakuna aliyemwuliza." Akanitilia sahihi bila kutazama ni siku ngapi nimeomba.

Nafika Alhamisi kwa basi la asubuhi. Nitaingia nawe kwa Kifutio, mama, nitakaa kwenye kiti, na akitaja chochote sitatoka nje. Wewe utaona aibu, nami nitaona aibu, na huyo naye najua atatokwa na jasho. Tutakaa hivyo hivyo mpaka amalize kusema.

Mwanao